Msumeno wa mnyororo unapinda na kutoa vumbi: umechakaa, au cheni ndiyo butu?

Swali: Nilinunua msumeno wa mnyororo uliokwisha tumika. Mwanzoni ulikata vizuri, lakini sasa unapinda kuelekea kulia, unatoa vumbi laini badala ya chenga, cheni inalegea kila baada ya muda mfupi na bamba (chuma kirefu kinachozungukwa na cheni) linafuka moshi. Juzi nikikata tawi, pua ya bamba, yaani ncha yake, iliruka ghafla kunielekea usoni. Nimenoa cheni mara kadhaa bila mafanikio. Je, msumeno umeisha? Na niutumieje bila kujiumiza?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizotaja sidhani kama msumeno umeisha. Kinachoonekana hapa ni cheni butu, tena iliyonolewa upande mmoja kuliko mwingine, na karibu kila kitu unacholalamikia kinatokana na hilo. Cheni kali hujivuta yenyewe ndani ya mti, nawe kazi yako ni kuiongoza tu. Cheni butu haili mti, inausugua. Hapo mkataji huanza kusukuma, msuguano unazidi, bamba linapata moto, cheni iliyopata moto inarefuka na kulegea. Mti ukiachia ghafla, uzito wote wa mkataji uko mbele na msumeno unakwenda asikokutaka. Kwa hiyo kunoa ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la kasi ya kazi.

Anza kwa kuhakikisha kwamba tupa uliyonayo ni ya cheni hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na huenda ndiyo sababu unanoa bila kupata nafuu. Ukubwa wa cheni hupimwa kwa nafasi kati ya ripiti (pini zinazounganisha vipande vya cheni): pima kutoka ripiti ya kwanza hadi ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Mara nyingi ukubwa huo umechongwa pia kwenye bamba karibu na injini. Cheni ya inchi 0.325 hunolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4.8. Cheni ya inchi 3/8 ya kawaida huchukua tupa ya milimita 5.2, na ile ya 3/8 nyembamba ya misumeno midogo huchukua milimita 4.0. Cheni nene ya inchi 0.404 huchukua milimita 5.5. Tupa nyembamba kupita kiasi huchimba chini ya jino na kuacha ncha dhaifu inayokatika mapema. Iliyo nene mno hulalia uso wa jino, na haitengenezi makali hata ukiisukuma asubuhi nzima.

Zima injini, chomoa waya wa plagi, vaa glavu, kisha bana bamba kwenye jiriwa ili msumeno usicheze. Kaza cheni kidogo kuliko kawaida ili meno yasiyumbe. Sasa tafuta jino fupi kuliko yote. Hilo ndilo kipimo chako, na mengine yote yatanolewa mpaka yalingane nalo. Jambo hili linachosha, hasa kwa cheni iliyonolewa ovyo na mtu aliyeitumia kabla yako, lakini hakuna njia ya mkato.

Tupa inakata ikienda mbele tu. Isukume kutoka upande wa ndani wa jino kwenda nje, iinue unapoirudisha, usiiburute. Ishike ikiwa na pembe ya nyuzi 30 kwa cheni nyingi. Meno mengi yana mstari mdogo uliochorwa juu yake kukuonyesha pembe hiyo, basi ufuate. Sehemu ya tano ya unene wa tupa iwe juu ya uso wa jino na iliyobaki iwe chini yake. Kishikio cha tupa chenye bati la kuongoza husaidia sana kutunza pembe na kimo, nami namshauri kila anayeanza awe nacho. Piga jino msukumo mara mbili au tatu kwa nguvu ileile, ruka jino linalofuata kwa kuwa linaelekea upande wa pili, endelea hadi umalize upande mmoja. Kisha geuza msumeno na unoe upande mwingine kwa idadi ileile ya misukumo. Mtu wa mkono wa kulia husukuma kwa nguvu zaidi upande mmoja bila kujua. Baada ya kunoa mara kadhaa, meno ya upande huo huwa makali au marefu kuliko ya pili, na msumeno huvutika kuelekea upande ulio mkali. Ndiyo sababu wako unakwenda kulia.

Ukitaka kujua kama jino limekolea, liangalie kwenye mwanga. Makali ya kweli hayarudishi mwanga hata kidogo. Ukiona uzi mweupe unaong'aa kwenye ukingo, hapo bado ni butu. Kama jino liligonga jiwe au msumari, endelea kunoa hadi sehemu yote iliyovimba au kumeguka iishe, maana juu ya jino kuna tabaka jembamba la kromu na ndilo linaloshika makali. Kromu ikiwa imebanduka pembeni, jino litakuwa butu tena baada ya magogo machache.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuamua jino lile mti kwa kina gani, na wengi hawakigusi kabisa. Kadiri unavyonoa, jino linakuwa fupi na uso wake unashuka kwa sababu umeinama kuelekea nyuma, lakini kinundu kinabaki palepale. Mwishowe kinundu na jino vinalingana: cheni ni kali, unaiona ni kali, na bado inatoa vumbi. Kila baada ya kunoa mara tatu au nne, weka bati la kupimia juu ya cheni na upunguze kwa tupa bapa kile kinachojitokeza. Kwa cheni nyingi kinundu kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Ukimaliza, duarisha ukingo wake wa mbele kama ulivyokuwa awali. Usikipunguze kupita kipimo ukidhani msumeno utakata kwa kasi zaidi. Jino litauma mti kwa nguvu kuliko injini inavyoweza kuvuta, msumeno utatikisika, na hatari ya kupiga teke, yaani pua kuruka ghafla kumwelekea mkataji, itaongezeka sana. Ikiwa aliyekuuzia alivikata vinundu vyote chini kabisa, cheni hiyo itupilie mbali. Vivyo hivyo meno yakibaki na urefu wa chini ya milimita 4, au yakifika alama ya ukomo iliyowekwa na mtengenezaji, cheni imekwisha kazi.

Ukishanoa sawasawa na msumeno bado unapinda, angalia bamba. Shika cheni kwa glavu, injini ikiwa imezimwa, uitikise kushoto na kulia. Ikiyumba sana, mfereji wa bamba, ambamo cheni hupita, umepanuka. Vua cheni, simamisha bamba kwa ukingo wake juu ya meza iliyonyooka. Likiegemea upande mmoja, kingo zake hazilingani. Fundi anaweza kuzisawazisha, lakini mfereji uliopanuka hauna dawa zaidi ya bamba jipya. Bamba lililo zima lenyewe linahitaji matunzo madogo tu. Chokonoa uchafu kwenye mfereji kutoka puani kwenda nyuma, zibua tundu linaloingiza oili, kwangua kwa tupa chuma kilichofurikia pembeni, na uligeuze juu chini kila unaponoa au kubadili cheni ili lilike sawa pande zote. Usisahau sproketi inayozungusha cheni. Ikiwa cheni imechimba ndani yake kwa zaidi ya nusu milimita, ibadilishe. Cheni mpya juu ya sproketi iliyoliwa itaharibika kabla ya wakati wake, na kanuni nzuri ni sproketi mpya kwa kila cheni mbili.

Tukija kwenye kulegea: legeza kwanza nati za kifuniko cha pembeni, inua pua ya bamba juu kwa mkono, ndipo ukaze skrubu ya cheni, na ukaze nati huku pua ikiwa bado imeinuliwa. Usipoiinua, bamba litapanda lenyewe ukianza kukata na cheni italegea tena ndani ya dakika chache. Cheni iliyokazwa vizuri inagusa bamba upande wa chini, na bado unaweza kuizungusha kwa vidole vyenye glavu, breki ikiwa imeachiwa. Ukiivuta juu katikati ya bamba na kuiachia, inarudi kwa kishindo kidogo, na ndimi zake, yaani vipande vinavyokaa ndani ya mfereji, hazitoki zote nje yake. Cheni mpya huhitaji kukazwa mara nyingi siku ya kwanza. Ukimaliza kazi na cheni ingali moto, ilegeze, kwa sababu ikipoa hufupika na inaweza kuvuta krankishafti (mhimili wa injini) na beringi zake hadi ziharibike.

Moshi unaouona kwenye bamba unaweza kutokana na ubutu peke yake, lakini hakikisha pia kwamba oili inafika. Washa msumeno, elekeza pua kwenye kadibodi au gogo jeupe ukiwa umeiacha umbali wa sentimita 20 bila kugusa, kisha piga resi kwa nusu dakika hadi dakika moja. Utaona mstari wa matone ya oili. Usipouona, tundu la oili limeziba, chujio lililo ndani ya tangi lina uchafu, au pampu imekufa. Tangi la oili hupangwa ili liishe karibu sawa na la petroli, kwa hiyo jaza yote mawili kwa pamoja kila mara. Petroli ikiisha na tangi la oili likiwa bado limejaa, cheni imekuwa ikikimbia kavu. Tumia oili ya cheni, ambayo inanata na hairushwi ovyo puani. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ya gari isikaribie msumeno wako: imejaa chembe za chuma zinazokula pampu na bamba, na inarushwa kwenye ngozi na nguo zako siku nzima.

Sasa lile teke. Kasi ya cheni ikifika kilele huwa karibu mita 20 kwa sekunde au zaidi. Upande wa juu wa bamba, cheni inakwenda mbele. Inazunguka puani, kisha inarudi kwako upande wa chini. Robo ya juu ya pua ikigusa tawi, kisiki au gogo lililo nyuma ya lile unalokata, jino hukwama badala ya kukata, na nguvu yote inageuka kuinua bamba juu na nyuma kwa mkataji. Hilo hutokea haraka kuliko mtu awezavyo kuitikia, kwa hiyo usitegemee wepesi wako. Tegemea mkao, mshiko na breki.

Mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, kidole gumba kikiwa kimezunguka chini yake na kukutana na vingine. Wanaokiweka gumba juu pamoja na vidole vingine hupokonywa msumeno unaporuka. Mkono wa kulia uwe nyuma, hata kwa mtu wa mashoto, kwa kuwa msumeno umetengenezwa hivyo. Simama kushoto kidogo ya mstari wa cheni ili bamba likiruka lipite pembeni ya bega lako la kulia, sio usoni. Usikate juu ya usawa wa mabega, usikate ukiwa kwenye ngazi, na kila wakati ujue pua iko wapi na nyuma ya gogo kuna nini. Anza mkato cheni ikiwa tayari kwenye kasi, kwa sehemu ya bamba iliyo karibu na injini.

Breki ya cheni ijaribiwe kila siku kabla ya kazi. Weka msumeno chini kwenye ardhi imara, piga resi kamili kwa muda mfupi na usukume ngao ya mbele kwa kifundo cha mkono bila kuachia mpini. Cheni isimame papo hapo. Ikiendelea kuzunguka hata kidogo, usikate siku hiyo. Mara nyingi ukanda wa breki umejaa oili na unga wa mti, na kusafisha kunatosha. Ukanda ukiwa umelika, unabadilishwa. Kwa msumeno ulionunua mkononi mwa mtu, kagua pia kizuizi kilicho juu ya mpini wa nyuma, ambacho usipokibana triga haitakiwi kusogea, na kidaka cheni kilicho chini ya mwanzo wa bamba, ambacho hunasa cheni ikikatika au kutoka. Wauzaji wengi hawajui hata kama kidaka kilishavunjika. Halafu acha injini ingurume yenyewe bila kupewa mafuta: cheni haitakiwi kutembea. Ikitembea, punguza skrubu ya mwendo wa chini. Isipokoma, springi za klachi (kifaa kinachounganisha injini na cheni) zimechoka.

Wakati wa kuwasha, breki iwe imefungwa. Laza msumeno chini, mkono wa kushoto ukiubana kwa mpini wa mbele, ncha ya buti la kulia ndani ya mpini wa nyuma, na uvute kamba kwa mkono wa kulia. Injini ikiwa baridi, funga choki na uvute hadi isikike inataka kuwaka, kisha rudisha choki nusu na uvute tena. Ikiwaka, gusa triga mara moja ili mwendo ushuke, ndipo uachie breki. Kupiga resi breki ikiwa imefungwa huchoma klachi. Kuwasha kwa kuangusha msumeno huku ukivuta kamba hewani ni namna ya haraka ya kujikata paja.

Mavazi nayataja kwa ufupi lakini nayamaanisha: kofia ngumu yenye wavu wa uso na vifunika masikio, kwani kelele inapita desibeli 100, buti zenye chuma puani na suruali maalumu ya msumeno. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani ambazo cheni ikizigusa huzivuta hadi kwenye sproketi na kusimama. Ile ya daraja la 1 imepimwa kwa cheni ya mita 20 kwa sekunde. Ikishakatwa mara moja, nyuzi zake hazilindi tena. Weka karibu bandeji kubwa ya kubana jeraha, na usikate peke yako mahali ambapo hakuna wa kukusikia.

Kwa magogo yaliyolala, kabla ya kukata jiulize ni upande gani umebanwa na upi umevutwa. Gogo lililoegemezwa ncha zote mbili limebanwa juu: kata theluthi moja kutoka juu, kisha malizia kutoka chini. Lililoshikwa ncha moja huku nyingine ikining'inia limebanwa chini: kata theluthi kutoka chini, malizia juu. Ukikosea, gogo litabana bamba, na hapo zima injini, weka kabari ya plastiki au ya mti, usivute msumeno kwa nguvu. Ukikata kutoka chini, kumbuka cheni itausukuma msumeno kukujia. Na usiiache cheni iguse udongo. Mguso mmoja kwenye mchanga unatosha kuondoa kazi yote ya tupa.

Kuangusha miti iliyosimama ni somo linalotaka mtu wa kukusimamia, lakini vipimo vya msingi ni hivi. Watu wote wawe mbali kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti. Safisha njia ya kukimbilia, kwenda nyuma kwa kukingama na upande mti unaoangukia. Kata mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, upande huo kwa kina cha robo au sehemu ya tano ya kipenyo, kisha mkato wa nyuma uje juu kidogo ya kona ya mdomo, ukiacha bawaba ya mti yenye unene wa sehemu ya kumi ya kipenyo. Bawaba ndiyo inayouongoza mti unapoanguka. Ukiikata yote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Mti ulioinama sana kuelekea mbele, wenye matawi makavu juu, au ulionasa kwenye mwingine, mwachie mzoefu. Ule ulioinama unaweza kupasuka kwa wima kabla mkato haujaisha, na kipande kinachorushwa nyuma huua.

Kuhusu injini, kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili changanya mililita 20 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Mtengenezaji akisema 25 kwa 1, weka mililita 40 kwa lita. Oili ikipungua pistoni inakwaruzika na kugoma. Ikizidi, masizi yanajaa kwenye plagi na ekzosi. Changanya kinachotosha matumizi ya mwezi mmoja tu, na tikisa dumu kabla ya kumimina. Jaza injini ikiwa imezimwa na kupoa, halafu sogea mita 3 kutoka hapo kabla ya kuwasha. Chujio la hewa likung'ute kila siku ya kazi, kwani likiziba injini inakosa nguvu na kunywa mafuta mengi. Mapezi ya silinda yasafishwe unga uliogandamana, la sivyo injini inajipika yenyewe. Plagi iwe na nafasi ya nusu milimita. Rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeusi yenye oili inaonyesha mafuta mengi au chujio limeziba, nyeupe inaonyesha injini inapata hewa nyingi na joto kali. Ukikuta nyeupe, usiendelee kukata. Peleka kwa fundi aangalie kabureta na mahali hewa inapopenya, maana injini ya namna hiyo hukimbia kwa sauti kali ya kuvutia muda mfupi tu kabla pistoni haijachanika.

Kwa msumeno wako, ningefuata mpangilio huu: kwanza breki na kidaka cheni, pili sproketi na bamba, tatu cheni mpya, kwa kuwa hiyo ya sasa imenolewa bila kulingana na hujui ilipitia nini. Ile ya zamani itunze ujifunzie kunoa. Ukiona cheni mpya inakata wima na kutoa chenga nene, tatizo la kupinda lilikuwa kwenye meno. Ikipinda nayo, ni bamba.